Uzito wa Mtaala wa Shule ya Upili katika Mizani ya Udahili: Mfano wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Utangulizi

Kila mara matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, hutokea kundi dogo la watahiniwa ambao, wakiwa bado wanangojea nafasi katika vyuo vyetu, huanza pia kuomba nafasi na ufadhili katika vyuo vikuu vya Marekani. Wengi wao hudhani kwamba gredi ya A waliyoipata itawasemea kila kitu. Punde si punde hukutana na fomu inayouliza maswali wasiyoyazoea. Shule yako hufundisha masomo gani? Kati ya hayo, wewe ulichagua yapi, na kwa nini si yale mengine? Wenzako walifanyaje? Mwalimu naye huletewa fomu yake, na humo hutakiwa aseme kama masomo ya mtahiniwa yalikuwa mazito kuliko ya wenzake. Aghalabu mwalimu huyo huwa wa lugha, kwa kuwa ndiye anayedhaniwa kuwa na ufasaha wa kuandika barua za mapendekezo.

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi vyuo vya Marekani vinavyoupima uzito wa mtaala aliopitia mwombaji, chimbuko la mtazamo huo, na mahali ambapo mizani yenyewe imeonekana kupinda. Tumejifunga na Marekani kwa sababu huko ndiko suala hili lilikozaliwa na ndiko linakozua mijadala mikali zaidi. Hata hivyo, hatutakwepa kuitazama nafasi ya Kiswahili katika mizani hiyo, kwani hapo pana jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja.

Kuhusu Istilahi

Yafaa kwanza tutue kidogo kwenye istilahi, kwa kuwa dhana tunayoizungumzia haina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Wapo wanaosema 'masomo magumu'. Lakini ugumu ni hukumu ya msomaji mwenyewe. Somo linalomtoa Asha jasho laweza kuwa mteremko kwa Otieno. Wapo pia wanaosema 'mtaala mkali', na hapa pana utata zaidi. Ukali kwetu ni sifa ya kisu, ya jua, au ya mwalimu mwenye kiboko, na shule yenye walimu wakali haina lazima ya kuwa na masomo ya kina. Katika makala haya tutatumia 'uzito'. Neno hili lina faida mbili. Kwanza, uzito haujulikani ila kwa kulinganisha kitu na kitu kingine mizanini, na kama tutakavyoona, ulinganisho ndio moyo wa suala zima. Pili, shule nyingi za Marekani huuongezea mtaala uzito kwa maana halisi ya hesabu: alama ya A katika somo la kawaida huhesabiwa pointi 4, ilhali A hiyo hiyo katika somo la kiwango cha juu huhesabiwa pointi 5. Wastani unaopatikana kwa njia hii huitwa wastani wenye uzito.

Chimbuko la Mitaala Mizito

Mitaala miwili ndiyo hutajwa zaidi katika mjadala huu. Wa kwanza ni mpango wa Advanced Placement, ujulikanao kwa herufi AP. Mpango huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ufadhili wa wakfu wa Ford. Vyuo vikuu vya Harvard, Princeton na Yale pamoja na shule tatu za kibinafsi zilizotajika, yaani Andover, Exeter na Lawrenceville, vilishirikiana kuchunguza tatizo moja la kawaida: vijana walioandaliwa vyema walikuwa wakifika chuoni na kurudia mambo waliyokwisha kuyasoma. Mwaka 1955 shirika la College Board lilikabidhiwa mpango huo, na mitihani yake ya kwanza chini ya shirika hilo ikafanywa mwaka 1956. Waliotahiniwa mwaka huo walikuwa elfu moja na mia mbili hivi. Siku hizi, katika kila kundi la wanaohitimu shule za umma nchini humo, zaidi ya milioni moja huwa wamefanya angalau mtihani mmoja wa AP. Mitihani hiyo husahihishwa kwa viwango vya 1 hadi 5.

Ifahamike basi kwamba AP haikubuniwa iwe kigezo cha udahili. Kusudi lake lilikuwa kumwezesha mwanafunzi aliyekwisha kudahiliwa kuruka kozi za mwanzo. Mabadiliko yalikuja polepole. Waombaji walipozidi kuwa wengi na nafasi katika vyuo vya kifahari zikabaki zile zile, maafisa wa udahili walihitaji alama ya kuwatenganisha watu waliokuwa na gredi zinazofanana. AP ilikuwa karibu, nao wakaishika.

Mtaala wa pili ni stashahada ya International Baccalaureate, yaani IB, iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968 kwa ajili ya watoto wa wanadiplomasia na wengineo waliokuwa wakihamahama. Mwanafunzi wa IB husoma masomo sita kutoka makundi tofauti, matatu au manne kati yake yakiwa katika kiwango cha juu. Huandika pia insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, husoma nadharia ya maarifa, na hushiriki shughuli za ubunifu, za viungo na za kuhudumia jamii. Alama za juu kabisa ni 45. Tofauti kati ya mitaala hii miwili ni ya kimsingi: AP ni kama soko ambapo mwanafunzi huchukua somo moja au manane apendavyo, ilhali IB ni sinia moja inayoliwa nzima. Humu nchini IB hufundishwa katika shule chache, kwa mfano International School of Kenya jijini Nairobi na Aga Khan Academy ya Mombasa, na karo za shule za aina hiyo hazimo katika ndoto za mzazi wa kawaida.

Jinsi Faili ya Mwombaji Inavyosomwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo waombaji wetu wengi wanapopotoka. Katika mfumo wetu, mtihani ni mmoja kwa taifa zima. Asasi ya KUCCPS, iliyochukua mahali pa Bodi ya Pamoja ya Udahili baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwapanga watahiniwa waliofikisha C+ kwa kutumia alama za masomo yanayohitajika katika kozi husika. Mbali na hatua chache za kuyafaa maeneo yaliyosahaulika, jinsia na watu wenye ulemavu, kompyuta haiulizi ulisoma wapi. Mtahiniwa wa shule ya kutwa isiyo na maabara na yule wa shule ya kitaifa yenye maabara tatu husomwa kwa miwani ile ile. Upo uadilifu katika upofu huu, na upo udhalimu pia.

Marekani haina mtihani wa taifa wa kuhitimu shule ya upili. Shule hutunga mitihani yake, mwalimu husahihisha mwenyewe, na A ya shule moja haina lazima ya kulingana na A ya shule jirani. Kwa hivyo afisa wa udahili hawezi kuisoma gredi kabla ya kuisoma shule. Wenzo wake mkuu ni waraka uitwao wasifu wa shule, ambao kwa kawaida huwa na kurasa mbili hivi na huambatishwa na rekodi ya masomo ya kila mwombaji. Wasifu hueleza shule iko wapi, ina wanafunzi wangapi, hufundisha masomo gani ya kiwango cha juu, hutoa alama vipi, na wahitimu wake wameelekea wapi. Vyuo vingi humpa kila afisa eneo lake la kusimamia, ili azijue shule za huko kwa miaka, kama vile mchuuzi ajuavyo mashamba yanayomletea ndizi.

Juu ya wasifu kuna ripoti ya mshauri wa wanafunzi. Zaidi ya vyuo elfu moja hutumia fomu ya pamoja ijulikanayo kama Common Application, iliyoanzishwa na vyuo 15 mwaka 1975. Katika ripoti ya shule inayoandamana na fomu hiyo, mshauri huombwa akadirie uteuzi wa masomo wa mwombaji akiulinganisha na wa wanafunzi wengine wa shule hiyo hiyo wanaojiandaa kwenda chuoni. Ngazi ya juu kabisa ya makadirio hayo husema kwamba mwanafunzi alichukua masomo mazito kuliko yote yaliyokuwepo.

Maneno 'wa shule hiyo hiyo' yana maana kubwa kuliko urefu wake. Mwanafunzi ambaye shule yake haifundishi AP hata moja haadhibiwi kwa kutoisoma AP. Kinachotazamwa ni kile alichokifanya na kilichokuwa mbele yake. Shule ikiwa na masomo 20 ya AP na mwombaji akachukua mawili mepesi, faili lake huonekana nyepesi hata kama ana A tupu. Shule nyingine ikiwa na masomo mawili tu ya kiwango hicho na mwombaji akayachukua yote mawili, huhesabiwa kwamba ameufikia upeo wa mazingira yake. Shirika la NACAC, linalowaunganisha washauri wa shule na maafisa wa udahili, limekuwa likivihoji vyuo kwa miaka mingi kuhusu vigezo vyao. Gredi za masomo ya maandalizi ya chuo na uzito wa mtaala zimekuwa zikitajwa miongoni mwa vigezo vya kwanza kabisa, mbele ya insha, mapendekezo na shughuli za nje ya darasa.

Swali ambalo kila mzazi wa Kimarekani huuliza ni hili: je, ni afadhali A katika somo jepesi au B katika somo zito? Maafisa wamezoea kujibu kwa mzaha kwamba ni afadhali A katika somo zito. Mzaha huo una ukweli, hasa kwa vyuo vinavyokataa waombaji tisa kati ya kila kumi. Kwa vyuo vingine, ambavyo ndivyo vingi, B katika somo zito huvumiliwa, lakini C mbili tatu huashiria kwamba mwanafunzi alijitwika mzigo asioumudu. Ni vyema kuongeza kwamba alama za mtihani wenyewe wa AP huwa na nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mtihani hufanywa Mei, na mwombaji huwa amekwisha kutuma maombi miezi kadhaa kabla ya kuifanya mitihani ya mwaka wake wa mwisho. Afisa huona jina la somo na gredi ya mwalimu. Matokeo ya mtihani wa mwaka huo hufika uamuzi ukiwa umeshatolewa.

Mizani Inapopinda

Je, uzito huu una ushahidi wowote? Clifford Adelman, aliyekuwa mtafiti katika Wizara ya Elimu ya Marekani, alitoa utafiti mkubwa mwaka 1999 kuhusu mambo yanayomfikisha mwanafunzi kwenye shahada. Aligundua kwamba kina cha masomo ya shule ya upili kilitabiri kuhitimu chuoni kuliko alama za majaribio au nafasi ya mwanafunzi darasani, na kwamba hisabati iliyovuka kiwango cha aljebra ya pili iliongeza maradufu uwezekano wa kuhitimu. Utafiti huo ulitumiwa sana kuzishawishi shule ziongeze masomo mazito.

Miaka mitano baadaye, Saul Geiser na Veronica Santelices wa Berkeley waliwachunguza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California na wakapata jambo linaloonekana kuwa kinyume. Idadi ya masomo ya AP na ya kiwango cha juu aliyoyachukua mwanafunzi, ikitazamwa peke yake, haikuwa na uhusiano wa maana na ufaulu wake chuoni. Matokeo ya mtihani wa AP ndiyo yaliyotabiri ufaulu. Tukiutazama mgongano huu kwa makini tunaona kwamba si mgongano hasa. Adelman alipima alichojifunza mwanafunzi kwa jumla ya miaka minne, na hisabati ndiyo iliyokuwa nguzo yake. Geiser na Santelices walipima jina lililoandikwa kwenye rekodi. Kukaa katika darasa lenye jina zito ni jambo moja, na kujifunza humo ni jingine. Chuo kinachohesabu majina huhimiza ukusanyaji wa majina.

Na majina yalikusanywa kweli. Mwaka 1998 jarida la Newsweek lilianza kuchapisha orodha ya shule za upili iliyobuniwa na mwandishi Jay Mathews. Kigezo chake kilikuwa kuigawa idadi ya mitihani ya AP na IB iliyofanywa kwa idadi ya wahitimu, bila kujali kama waliofanya walifaulu. Ni rahisi kuona shule yenye tamaa ya sifa ingefanya nini.

Tatizo la pili ni la usawa. Mwaka 1999 wanafunzi wa shule ya Inglewood, katika eneo la Los Angeles, waliishtaki serikali ya jimbo la California wakisaidiwa na shirika la kutetea haki la ACLU. Hoja yao ilikuwa sahili. Chuo Kikuu cha California kilikuwa kikiwaongezea pointi waliosoma AP, ilhali shule yao, yenye wanafunzi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ilikuwa na masomo machache mno ya AP. Beverly Hills, shule ya matajiri isiyo mbali nao, ilikuwa na mengi. Kwa maneno mengine, serikali iliwanyima ngazi kisha ikawapa alama waliokuwa juu ya paa. Baada ya kesi hiyo jimbo lilitenga fedha za kupanua masomo hayo. Chuo Kikuu cha California chenyewe huweka kikomo: pointi za ziada huhesabiwa kwa mihula minane tu ya masomo, ili anayetoka shule yenye masomo 25 ya AP asimpite mwenzake kwa wingi mtupu. Hata hivyo tofauti haijakwisha. Takwimu za Wizara ya Elimu za katikati ya miaka ya 2010 zilionyesha kwamba takriban nusu tu ya shule za upili za Marekani zilifundisha kalkulasi, na zile zenye wanafunzi wengi weusi zilikuwa nyuma zaidi.

Jambo la tatu huchekesha kidogo. Shule za kifahari, ambazo ndizo zilizoizaa AP, zimeanza kuitupa. Mwaka 2018 shule nane za kibinafsi za eneo la Washington, Sidwell Friends ikiwa mojawapo, zilitangaza kwamba zingeachana na jina la AP na kufundisha masomo ya kina ya kubuni zenyewe. Zilikuwa zimeviuliza vyuo na kuhakikishiwa kwamba wanafunzi wao hawatadhurika. Bila shaka hawatadhurika. Jina la shule linatosha kuwa dhamana. Shule ya umma ya mji mdogo haiwezi kufanya vivyo, kwa sababu bila herufi mbili za AP hakuna atakayejua kama somo lake ni zito. Chuo cha Dartmouth nacho kilitangaza kwamba wanafunzi walioingia kuanzia mwaka 2014 wasingepewa tena krediti za shahada kwa ajili ya AP. Kwa hivyo mtaala ulioanzishwa ili kumwokolea mwanafunzi muda chuoni umebaki, katika baadhi ya vyuo, kuwa tiketi ya kuingilia tu.

Kiswahili Kiko Wapi?

Msomaji wa jarida hili huenda amekwisha kujiuliza swali hili. Lugha zinazotahiniwa katika AP ni Kichina, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kijapani, Kihispania na Kilatini. Hakuna lugha hata moja ya Kiafrika. Kilatini, ambacho hakuna mtoto anayekinyonya kwa mamaye popote duniani, kimo. Kiswahili, kinachozungumzwa na mamilioni ya watu na kufundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani kwenyewe, hakimo.

Ni kosa kudhani kwamba lugha huingizwa katika orodha hiyo kwa sababu ya uzito wake wa kitaaluma pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 College Board ilitangaza kuongeza lugha nne: Kiitaliano, Kichina, Kijapani na Kirusi. Serikali ya Uchina ilichangia gharama za kuandaa mtihani wa Kichina. Kiitaliano kilianza kutahiniwa mwaka 2006, kikasimamishwa baada ya mtihani wa 2009 kwa kukosa watahiniwa na fedha za kutosha, kisha kikarudi mwaka 2012 baada ya serikali ya Italia na jumuiya za Wamarekani wenye asili ya Italia kuchanga. Kirusi hakikuwahi kuanza. Hapa twaona bayana kwamba 'somo zito' ni hadhi inayogharimiwa, na wenye lugha ndio hulipa. Umoja wa Afrika na Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekitambua Kiswahili kuwa lugha yao rasmi, na UNESCO ikaitenga mwaka 2021 tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Maazimio haya ni mazuri, ila hayajaandika karatasi hata moja ya mtihani.

IB imekuwa na ukarimu zaidi. Imewahi kukitahini Kiswahili kama somo la fasihi kwa wenye lugha na pia kama lugha ya wanaoanza kujifunza. Kuna njia nyingine pia. Mwaka 2011 California ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya muhuri wa umilisi wa lugha mbili, ambao hubandikwa kwenye cheti cha mwanafunzi anayethibitisha kuwa anaimudu lugha nyingine pamoja na Kiingereza, na majimbo mengine yakafuata. Hili lina maana kwa watoto wa wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki waliopelekwa Marekani kwa maelfu katika miaka ya 2010, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili. Shuleni watoto hawa huorodheshwa kwanza kama watu wasiojua Kiingereza, yaani kwa upungufu. Muhuri huo huwaorodhesha kwa walicho nacho.

Mwalimu wa Kiswahili na Wasifu wa Shule

Turejee sasa kwa mtahiniwa wetu. Kabla ya 8-4-4, mwanafunzi wa Kenya aliyemaliza kidato cha sita alikuwa na cheti ambacho vyuo vingi vya Marekani vilikipa krediti, kwa kuwa kilifanana na kile cha Uingereza. Mtihani wa mwisho wa kiwango hicho ulifanywa mwaka 1989, mwaka ule ule wa KCSE ya kwanza. Tangu hapo mwombaji wetu huingia mizanini akiwa na KCSE peke yake. Afisa anayeisoma hana namna ya kujua uzito wake asipoelezwa, na shule zetu nyingi hazina mshauri wa kazi hiyo wala wasifu wowote ulioandikwa. Mwalimu huitwa ofisini, hukabidhiwa fomu, na huambiwa ijazwe kufikia kesho.

Mwalimu huyo anaweza kufanya mengi kwa ukurasa mmoja. Aeleze kwamba KCSE hutungwa na kusahihishwa na baraza la taifa na wala si shule, ili A isidhaniwe kuwa zawadi ya mwalimu. Ataje idadi ya watahiniwa wa shule yake na wastani wao, kwani B+ katika shule yenye wastani wa D+ ina hadithi yake. Aseme masomo yaliyopatikana na yasiyopatikana: kama fizikia haikuwa na mwalimu kwa miaka miwili, afisa hawezi kuiota. Aepuke sifa za jumla kama 'mwenye bidii na nidhamu', ambazo hupatikana katika kila barua inayotoka kwetu na hazipimiki.

Hasa asikiache Kiswahili kisimame peke yake kwenye orodha. Msomaji wa Chicago akiona 'Kiswahili: A-' hufikiria ama lugha ya nyumbani iliyopatikana bila jasho, ama kozi ya mwanzo ya salamu na vyakula. Aelezwe kwamba mtahiniwa alifanya karatasi tatu. Kwamba katika ya kwanza aliandika insha mbili. Kwamba ya pili ilimtahini katika ufahamu, ufupisho, sarufi na isimujamii. Na kwamba ya tatu ilimdai uchambuzi wa riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Ikiwa mtahiniwa alizaliwa Kisii au Turkana, aelezwe pia kwamba Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili, na Kiingereza ya tatu. Vyuo vinavyomdai Mmarekani miaka miwili au mitatu ya lugha ya kigeni vina haki ya kulijua hilo.

Kazi hii itaongezeka hivi karibuni. Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10 na kugawanyika katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. KCSE imepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027, na kundi la kwanza la Gredi ya 12 linatarajiwa kumaliza mwaka 2028. Kwa mara ya kwanza shule zetu zitakuwa zikitofautiana waziwazi katika masomo zinayoyatoa, na swali la Kimarekani, 'kati ya yaliyokuwepo ulichagua yapi?', litaanza kuulizwa na vyuo vyetu wenyewe. Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi za jamii. Tayari inasikika katika mabaraza ya wazazi kwamba mkondo huo ni wa walioshindwa na hisabati. Wanaoandaa mahitaji ya kujiunga na idara za Kiswahili vyuoni wana miaka miwili au mitatu ya kuamua kama aliyesoma Fasihi ya Kiswahili kwa miaka mitatu atatangulizwa, au atapangwa foleni moja na asiyewahi kufungua diwani.